Utafiti wa bahari na anga wahitaji lugha ya wavuvi

Mnamo Oktoba mwaka wa 2023 Wakenya walishuhudia mzozo wa ajabu juu ya neno moja. Kwa miezi kadhaa wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wametangaza kwamba El Niño imo njiani. Kisha Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba, kwa mujibu wa wataalamu hao hao, hakungekuwa na El Niño bali mvua nyingi kuliko kawaida. Watu wakashusha pumzi. Mwezi uliofuata mito ikavunja kingo zake. Kuanzia Mandera na Garissa hadi Tana River na Mombasa maji yalibeba nyumba, mifugo na barabara, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya watu mia moja walikuwa wameaga dunia.

Mtaalamu wa anga akitumia neno El Niño, anazungumzia kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Mwananchi wa kawaida analitumia kwa maana nyingine kabisa. Tangu mvua za mwaka wa 1997, zilizokata barabara ya Nairobi na Mombasa na kuendelea hadi mapema mwaka wa 1998, "elnino" katika kinywa cha Mkenya ni mafuriko yenyewe. Mama wa Budalangi hana haja na Pasifiki. Kwa hiyo sentensi isemayo "hakutakuwa na El Niño" ilipopita redioni, wasikilizaji waliisikia kuwa "hakutakuwa na mafuriko", na nusu ya pili ya habari, ile ya mvua nyingi kuliko kawaida, ikapita masikioni kama upepo.

Mimi si mtaalamu wa anga. Kazi yangu ni isimu, na kwa muda mrefu nimefundisha wanafunzi kwamba maana ya neno haimo katika kamusi pekee, imo pia katika kumbukumbu ya wale wanaolitumia. Ndiyo maana nauona mzozo ule wa 2023 kuwa ni suala la siasa ya utafiti. Serikali yetu ina idara ya hali ya hewa. Vyuo vikuu vyetu vina wataalamu wa anga, wa bahari na wa lugha. Kinachokosekana ni ubia wa kudumu unaowaweka wote hawa chini ya paa moja, wakilipwa kwa kazi moja, na kazi hiyo ikihesabiwa kuwa imekamilika pale tu mvuvi na mkulima wanapoielewa.

Tutazame kwanza tulivyokwisha kushirikiana na wengine. Mnamo tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti iliyoitwa San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza msongamano wa hewa katika tabaka za juu za anga. Jukwaa lile lilikuwa tunda la ubia baina ya serikali ya Italia na Chuo Kikuu cha Roma, ukiongozwa na Profesa Luigi Broglio. Miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo nyotani ilirushwa kutoka papo hapo. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu, ilipewa jina Uhuru, na jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota hadi leo. Roketi ya mwisho iliondoka mwaka wa 1988. Kwa miaka ishirini na mmoja, basi, tulitoa bahari, tukatoa ikweta, na tukatoa neno moja la Kiswahili. Chuo kikuu kilichojengeka kutokana na kazi ile kilikuwa Roma. Haki pia isemwe: mnamo 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na chuo hicho hicho cha Roma, ilitolewa angani kutoka kituo cha kimataifa cha anga kwa msaada wa Wajapani. Lakini nusu karne ni muda mrefu wa kungoja.

Baharini hali haitofautiani sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Kenya ilijikuta bila taasisi yake ya bahari, na KMFRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, ikaundwa mwaka wa 1979 yenye makao yake Mombasa. Wabelgiji wamekuwa marafiki wake wa miaka mingi. Hata meli yake kubwa ya utafiti ilitoka kwao, ambako ilikuwa ikiitwa Zeeleeuw, yaani simba wa baharini. Tulipoipokea tukaiita Mtafiti. Jina zuri. Ila meli ya utafiti hula mafuta, huhitaji vipuri, mabaharia na wanasayansi wenye mshahara wa uhakika, na hayo hayaji pamoja na zawadi.

Isidhaniwe kwamba hatuna vichwa. Mwaka wa 1982 watafiti wawili, Kinuthia na Asnani, walichapisha habari za mkondo mkali wa upepo waliougundua kaskazini mwa Kenya, unaopita katika mwanya ulio baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu. Leo dunia nzima ya wanaanga inaujua mkondo huo kwa jina la Turkana. Ni upepo huo huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme huko Loiyangalani, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Ugunduzi ule ulifanyika hapa, kwa vipimo vya hapa, katika miaka ambayo mafunzo ya elimu ya anga jijini Nairobi yalikuwa yakivuta wanafunzi kutoka pembe nyingi za Afrika. Waturkana na Warendile, bila shaka, walikuwa na majina ya upepo ule tangu zamani, na sijaona makala ya kisayansi iliyojishughulisha kuyauliza.

Wamarekani walilikabili jambo hili kwa njia inayofaa kuchunguzwa. Mwaka wa 1967, mwaka ule ule wa San Marco 2, serikali yao ilifanya mapatano na Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, ikazaliwa taasisi iitwayo CIRES. Tazama tarehe: NOAA, idara yao kuu ya bahari na anga, iliundwa mwaka wa 1970. Ubia na chuo kikuu ulitangulia idara yenyewe. Baadaye zikaundwa taasisi nyingine za namna hiyo, mathalani Hawaii mwaka wa 1977 na Oklahoma mwaka wa 1978, hata zikapita kumi. Utaratibu wao ni mwepesi kueleza. Serikali haitoi fedha kwa mradi wa miaka miwili kisha ikaaga. Hutia sahihi mkataba wa miaka kadhaa unaoweza kurefushwa baada ya kukaguliwa. Mtafiti huajiriwa na chuo kikuu, lakini meza yake iko katika ukumbi mmoja na meza ya mtabiri wa serikali. Wanafunzi wa shahada za juu huchukua maswali yao kutoka kwa mtabiri, na mtabiri hupata majibu kabla wino haujakauka.

Mpango huo nao una udhaifu wake, na ni udhaifu unaotugusa. Katika makadirio ya matumizi ya mwaka wa fedha wa 2026, utawala wa Rais Donald Trump ulipendekeza kuvunjwa kwa kitengo cha utafiti cha NOAA na kukatwa kwa fedha za taasisi hizo za ubia. Msomaji wa Kwale anaweza kuuliza, kwetu kuna nini? Kuna mengi. Tangu mwaka wa 2004 NOAA imekuwa ikishirikiana na nchi kama India na Japani kutia nanga maboya ya kupimia katika Bahari ya Hindi. Vipimo vya joto la maji na vya upepo kutoka kwenye maboya hayo ni miongoni mwa vile vinavyotumiwa kutabiri mvua zetu za vuli. Kalamu ikipita juu ya karatasi Washington, mtabiri wa Dagoretti Corner anaweza kupoteza jicho moja.

Na Bahari ya Hindi, msomaji, ndiyo hasa tunayopaswa kuijua. Mwaka wa 1999 wanasayansi wa Kihindi na Kijapani walieleza katika jarida la Nature jinsi joto la bahari hii linavyobadilishana nafasi. Miaka mingine maji ya upande wetu, magharibi, huwa na joto kuliko kawaida na yale ya karibu na Indonesia yakapoa. Miaka mingine mambo hugeuka. Upande wetu ukipata joto, mvuke huwa mwingi na vuli yetu hufurika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1997, ambapo Pasifiki nayo ilishika moto. Lakini mwaka wa 2019 hapakuwa na El Niño kali, na bado mvua ilinyesha ya kupindukia hata milima ya Pokot Magharibi ikaporomoka juu ya watu. Kinyume chake, El Niño ya mwaka wa 2015 ilikuwa miongoni mwa kali zaidi kuwahi kupimwa, na mvua yetu haikufikia ile ya 1997. Basi tunawafundisha wananchi kuogopa bahari ya mbali, hali bahari yenye mamlaka makubwa zaidi juu ya vuli yao iko pale Likoni, na mabadiliko yake hayana hata jina katika Kiswahili linalofahamika na wengi. Mimi ningependekeza "mbembea ya Bahari ya Hindi", kwa kuwa upande mmoja ukipanda mwingine hushuka. Akipatikana nahodha wa Lamu mwenye neno bora, nitaliacha langu bila kinyongo.

Hapa ndipo nawatazama wenzangu wa sayansi na kuwauliza swali. Je, ni nani aliyewaambia kwamba lugha huja mwisho, baada ya utafiti kwisha, ili kupamba ripoti? Pwani hii imekuwa ikiuchunguza upepo na maji kwa karne nyingi, na matokeo ya uchunguzi huo yamehifadhiwa katika msamiati. Kaskazi na kusi si majina ya pande za dunia tu. Ni majira, ni njia za safari, ni hesabu ya kazi. Kati ya kusi na kaskazi kuna tanga mbili, wakati ambapo pepo hazijakata shauri, na kuna maleleji, yaani upepo wa kigeugeu. Kuna matlai, na kuna umande uvumao kutoka bara alfajiri. Kuna demani, wakati kusi inapopungua makali. Kuna bamvua na kuna maji mafu, ambayo mvuvi huyajua kwa mwezi bila kuangalia jedwali lolote. Mwenye maneno haya ana akilini mwake ramani ya mwaka mzima.

Sasa chukua taarifa ya kawaida ya tahadhari. Itamwambia kwamba kuanzia saa fulani pepo za kusini-mashariki zitavuma kwa mita kadhaa kwa sekunde. Mvuvi wa ngalawa hapimi mita kwa sekunde. Yeye anajua upepo wa kupunguza tanga, upepo wa kurudi ufuoni, na upepo wa kutotoka kabisa. Anajua bahari shwari na bahari iliyochafuka. Vipimo hivi ni sahihi kwa kazi yake kama vile kipimo cha mtabiri kilivyo sahihi kwa kazi ya mtabiri. Kinachotakiwa ni mtu aketi na wote wawili, achukue kumbukumbu za mitambo na kumbukumbu za manahodha, aone kasi ipi ya upepo hukutana na neno lipi, katika chombo kipi, katika majira yapi. Hiyo ni tasnifu ya uzamifu, na nzuri sana. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuiandika peke yake, wala wa fizikia hawezi.

Au tuchukue suala la uwezekano, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Tangu mwaka wa 1998 wataalamu wa eneo hili hukutana kabla ya kila msimu wa mvua ili kukubaliana juu ya utabiri, na utabiri huo hutolewa kwa sehemu tatu: uwezekano wa mvua kuwa juu ya kiwango cha kawaida, karibu na kawaida, au chini ya kawaida. Wakisema asilimia 45, 35 na 20, maana yake ni kwamba mvua kubwa ndiyo inayotarajiwa zaidi, lakini ukame haujafutwa. Tafsiri hiyo kwa Kiswahili cha redioni. Utasikia "huenda mvua ikanyesha kwa wingi". Hilo "huenda" lina uzito gani? Jopo la kimataifa linalochunguza mabadiliko ya tabianchi lilikubaliana zamani juu ya ngazi za maneno katika Kiingereza: neno moja hutumika uwezekano ukifikia asilimia 66, jingine ukifikia 90, jingine ukifikia 99. Sisi tuna huenda, labda, pengine, yamkini, inaelekea, bila shaka. Waulize wanafunzi kumi wayapange kwa nguvu, kisha uwape wazee kumi wa Faza kazi hiyo hiyo. Sitashangaa ukirudi na orodha ishirini. Hakuna aliyeamua, kwa sababu hakuna aliyelipwa kuamua, wala hakuna ofisi ambamo mtabiri na mwanaisimu hukutana ili jambo hili lijadiliwe.

Kuna atakayesema kwamba haya ni anasa: kwanza tununue rada, maboya na meli, kisha maneno yatafuata. Ningekubali kama mitambo ingekuwa inaokoa watu kwa yenyewe. Mwezi wa Mei mwaka wa 2024 kimbunga Hidaya kilikuja karibu na pwani yetu kuliko vimbunga vilivyozoeleka, kikafika kisiwa cha Mafia nchini Tanzania. Kilionekana mapema kutoka angani. Idara yetu ilitoa tahadhari ya upepo na mawimbi makubwa. Lakini pwani yetu haina uzoefu wa vimbunga, na neno "kimbunga" kwa watu wengi ni upepo wowote unaong'oa mabati. Kuona mapema ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusema kwa namna ambayo mwenye chombo atakivuta juu mchangani kwa hiari yake, kabla polisi hawajaja kumlazimisha.

Tena, tumekwisha kuona kwamba jambo hili linawezekana. Kuanzia mwaka wa 2008 wazee wa ukoo wa Nganyi huko Bunyore, wanaojulikana tangu jadi kwa kusoma dalili za mvua katika miti, wadudu na pepo, walikaa meza moja na watabiri wa serikali, kituo cha tabianchi cha kanda hii, ICPAC, na wasomi wa vyuo vikuu. Kila upande ulileta utabiri wake, wakalinganisha, wakatoa kauli moja, nayo ikapelekwa kwa wakulima kwa lugha yao. Kauli ile ilikuwa na nguvu kwa sababu ilitamkwa na watu wanaoaminika. Fedha za kuanzisha kazi hiyo, hata hivyo, zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Hapo ndipo kila mara tunapokwama. Fedha za wafadhili zina tarehe ya kwisha, mvua haina.

Sheria tunayo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 inataka asilimia mbili ya pato la taifa iende kwenye utafiti kupitia mfuko wa kitaifa, na hatujawahi kukikaribia kiwango hicho. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ukizisoma mbili hizi pamoja, serikali inapaswa kugharimia utafiti na inapaswa kusema na watu kwa Kiswahili. Sioni ni vipi inaweza kutimiza moja na kuacha nyingine.

Nataka nini basi? Sitaki jengo jipya lenye bamba la shaba. Pale Mombasa KMFRI ina maabara na meli. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na mjini Mombasa kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi. Nairobi kuna Idara ya Hali ya Hewa, na kuna chuo kikuu ambacho kimefundisha elimu ya anga kwa miongo mingi. Mkataba mmoja wa miaka kumi, uliopitishwa na bunge ili usifutwe kwa barua ya katibu wa wizara, ungetosha kuwaunganisha. Uwe na nafasi za watafiti wanaoajiriwa na vyuo na kuketi katika idara za serikali. Katika kila nafasi tano moja iwe ya mtu wa lugha, na hapa nakiri kwamba navutia kwangu. Watangazaji wa redio za pwani na za bara waitwe kwenye mafunzo kabla ya kila msimu. Wenyeviti wa vikundi vya wavuvi wa ufuoni wawe na kura katika kuamua maswali ya utafiti, maana nina hakika swali lao la kwanza halitakuwa Pasifiki.

Na upo mwanzo usiohitaji hata senti ya mfadhili. Mkutano wa kukubaliana juu ya mvua za vuli kwa kawaida hufanyika mwezi wa Agosti. Taarifa yake hutoka kwa Kiingereza, ikiwa na ramani za rangi. Mwaka ujao taarifa ya Kiswahili iwekwe mezani siku ile ile, saa ile ile, ikiwa imeandikwa na mtabiri na mwanaisimu wakiwa chumba kimoja, na neno "huenda" liwe na tarakimu yake pembeni.